Jiwe la Kwenda

Jiwe nililookota leo ni la baridi, lina harufu ya mvua. Tuko mlimani Norwe, kwenye njia ya kale ya mahujaji. Ilisahaulika vizazi na vizazi, na sasa watu wanaitembea tena hadi kanisa kuu. Hapa kila apitaye huongeza jiwe kwenye rundo. Wenzangu wameshaweka yao. Mimi bado nimelishika langu.

Yale ya utotoni yalikuwa ya moto. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa lori, mama amempakata mdogo wangu aliyekuwa akihema kwa shida, tukikimbilia hospitali ya Lodwar. Njiani dereva alisimama penye rundo la mawe, na abiria wengine wote, Waturkana, wakashuka kuweka yao. Mwanamke mmoja akamnyooshea mama kijiwe.

"Weka, mama. Safari itakuwa mzuri."

Mama alikuwa Mkongo wa kanisa, wa kufunga na kukesha. Akatikisa kichwa.

"Miye naombaka Mungu, hapana majiwe."

Mdogo wangu tulimzika Lodwar. Wakati wa kurudi, mama alipakata shuka ya mtoto iliyokunjwa. Tulipofika penye rundo, yeye ndiye aliyegonga bodi ya lori lisimame. Akashuka, akaweka jiwe, kisha akainama kuokota jingine.

"Mama, moja inatosha," utingo akamwambia kwa upole.

"Ile ni ya kurudi," mama akasema. "Hii ni ya kwenda."