Kiganja Kizima Kwenye Kioo

Mtaani kaka yangu wanamwita Kidole. Tangu aanze kutengeneza programu za simu, hawezi kukaa mbele ya kitu bapa bila kukigonga-gonga: meza, sahani, hata mgongo wa mtu. Mimi ni mshonaji, na nilikuwa namwambia kwamba kazi yake ni uvivu unaotumia umeme. Siku hizi simtanii tena.

Mama alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia ulipooza na ulimi ukafungwa. Ulibaki mkono wa kushoto, nao ukitetemeka. Kusoma na kuandika hakuwahi kujua. Kaka akaapa kwamba mama atasema tu. Kazini alikuwa akijaribu kuifanya simu itambue vidole vingi vinapogusa kioo kwa pamoja, basi akaileta kazi ile nyumbani. Kidole kimoja, simu inasema, "Naomba maji." Viwili, "Nipelekeni msalani." Vitatu, "Naumwa, njooni." Vyote vitano, "Niko sawa, endeleeni na kazi." Hilo la mwisho alilitoa kwa mama mwenyewe. Alipokuwa mzima, ukimuuliza hali anakuinulia kiganja, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Sauti tuliyorekodi ilikuwa yangu.

Alijaribu kwa miezi miwili, kwanza kwa vidole vyake, halafu vya mama. Kila kidole kilipogusa kioo, kiduara cha buluu kilizuka chini yake, naye alivihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Siku ya mwisho simu ilikuwa imefungwa kwenye ubao kando ya kitanda.

"Vitatu, mama. Hivyo hivyo!" alimwambia, huku amemshika kifundo cha mkono ili usitetemeke.

Viduara vitatu. Simu ikasema, "Naumwa, njooni." Mama alicheka kwa nusu ya uso na machozi yakamtoka. Na sisi tukalia.

"Kaka," nikamwambia, "leo nimenyoosha mikono."

Hakuna aliyeona kwamba mkono ule haukuwahi kujaribiwa ukiwa peke yake. Yeye na elimu yake yote, mimi na macho yangu ya kutunga uzi.

Jumanne moja kaka alikuwa kazini, nami nilikuwa chumba cha pili nikishona sare za shule. Nikasikia, "Niko sawa, endeleeni na kazi." Nikafurahi. Ikasema tena. Nikajiambia, mama leo kapata mchezo. Ikasema tena na tena, nami nikazidi kukanyaga cherehani. Niseme ukweli, kwa kuwa sina pa kuuficha: iliniudhi.

"Mama, tumeshasikia!" nikapaza sauti.

Ikatulia kidogo, ikasema tena. Kisha ikanyamaza kabisa.

Nilipompelekea chakula cha mchana, mkono wake ulikuwa juu ya kioo, umeshapoa. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaliwa.

Baada ya mazishi kaka aliniuliza, "Simu ilisema chochote siku ile?"

"Mara moja tu," nikajibu. "Kwamba yuko sawa."

Akaiunganisha na kompyuta yake. Sikujua kwamba kila mguso huhifadhiwa pamoja na saa yake. Viduara vikaanza kutokea kwenye kioo kikubwa, kama vilivyotokea siku ile. Kwanza vitatu, vimepangwa vizuri, kama mama alivyofundishwa. Kabla simu haijasema, mkono ukachoka, kidole gumba na ukingo wa kiganja vikaangukia kioo. Vikawa vitano. Akauinua mkono, akaanza upya. Vitatu, halafu vitano. Kaka akalaza uso mezani.

"Nilikuwa namshika mkono," alisema. "Kila mara, dada, nilikuwa namshika."

Viduara viliendelea. Nilitaka kuvizima, ila sikujua pa kubonyeza. Vilipokoma, kaka aliinua kichwa akasoma hesabu iliyoandikwa chini: mara kumi na moja. Akanitazama. Hakuniuliza kitu, na hadi leo hajaniuliza.