Ripoti Juu ya Mama Mdogo

Nilipochaguliwa kusoma saikolojia katika chuo kimoja pale Nyegezi, habari ilifika nyumbani Kagera ikiwa imeshatiwa chumvi. Baada ya misa baba aliwaambia wenzake kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari wa akili, nami sikumsahihisha. Wiki ya kwanza mwalimu alituuliza tunataka kuwa nani, na wengi wetu tulijua tu kwamba tumekosa nafasi ya kusomea sheria. Akatutajia kazi zilizopo: ushauri nasaha mashuleni, ofisi za rasilimali watu, magereza, vituo vya watoto, na hospitali kwa atakayeendelea kusoma. Mimi nikajichagulia hospitali na koti jeupe, kabla hata sijajua kutofautisha huzuni na ugonjwa.

Koti sikulipata. Leo mimi ni mshauri wa wanafunzi katika sekondari moja upande wa Kisesa, njia ya kwendea Bujora. Mtoto akiingia ofisini namwambia kwamba atakachosema hakitatoka humu ndani. Maneno hayo huwa nayasema huku nikiangalia meza, kwa sababu naona aibu.

Miaka yote ya chuo nilikaa Mkolani kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mumewe alikuwa fundi wa injini za boti. Mwaka mmoja kabla sijahamia pale, alizama ziwani akirudi kutoka kazini visiwani, na mwili haukupatikana. Kwetu mtu wa namna hiyo huzikiwa mgomba. Shina linakatwa, linavikwa sanda, watu wanalilia na kulifukia kama mtu, msiba unaisha. Ndugu wa mume walilitaka hilo tangu mwezi wa kwanza. Kila walipopiga simu, mama mdogo aliwajibu kwa adabu kwamba bado. Bila mjane kusimama kaburini hawakuweza kuzika, basi wakasubiri huku wakinung'unika.

Siku moja aliniomba nimsindikize mjini kusajili laini ya simu. Nilidhani ni yake, kumbe ilikuwa namba ya marehemu, ambayo ingefungwa kama isingesajiliwa upya. Akaweka vidole vyake kwenye mashine, ikawa kwa jina lake. Tulipotoka dukani alinieleza kwamba kila mwisho wa mwezi huitia vocha na kupiga simu fupi, kampuni isije ikampa mtu mwingine namba ile.

"Hili ni langu na wewe," alisema. "Mashemeji zangu wasilijue."

Nikamwahidi, na wakati naahidi nilikuwa namaanisha kabisa.

Mwaka wa pili tukapewa kazi ya kuandika ripoti juu ya mtu mmoja. Mwalimu alieleza utaratibu taratibu kama anayeongea na watoto: umwombe mtu ruhusa, asaini fomu ya ridhaa, ukae naye, umuulize, umsikilize. Wenzangu walihangaika wakitafuta watu stendi na sokoni. Mimi niliona nimebahatika, mtu ninaye nyumbani, ananipikia. Sikumwomba ruhusa wala sikumuuliza swali hata moja. Nilikaa mezani nikamtazama akikata vitambaa, nikaandika. Niliandika kwamba anamtaja mumewe kana kwamba yupo, kwamba bado anapiga kiwi viatu vyake, na kuhusu laini niliandika ukurasa mzima. Hitimisho langu lilikuwa kwamba mgonjwa ameukana ukweli wa kifo. Ndiyo, nilimwita mgonjwa. Fomu ya ridhaa nikaisaini mwenyewe, kwa mwandiko wa kulalia upande.

Nilipata alama za juu kuliko wote. Mwalimu akaacha nakala kwenye steshenari ya getini, kama wanavyofanya na vitini, ili wengine watoe kopi na kujifunza. Siku zile nilikuwa napita pale bila kuwa na haja yoyote, nione tu nani ameishika. Jina la mama mdogo nilikuwa nimeliondoa, na kwa akili yangu hiyo ilitosha. Lakini nilibakiza kwamba ni Mhaya, mjane, mshona sare wa Mkolani, na kwamba mumewe fundi wa boti alizama. Hapo nani angekosa kumjua?

Binti mmoja wa darasa letu alimjua. Mama yake alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, naye akaisoma ripoti kwa binti yake. Jumamosi asubuhi jumuiya nzima ikaja kwetu kusali, bila zamu yetu kuwa imefika. Hawakuja kwa ubaya. Walimwombea mama mdogo Mungu amrudishie utulivu wa akili, mwenyekiti akamshika mabega, akamwambia ugonjwa si aibu. Yeye aliwapikia chai, akawashukuru mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nagawa vikombe.

Kabla ya wiki kwisha picha za ripoti zilikuwa kwenye kundi la simu la ukoo wa mumewe. Shemeji mkubwa akapiga. Alisema sasa hata chuo kimeona kwamba shemeji yao anaumwa si kidogo, na mambo ya ukoo hayawezi kuendelea kuamuliwa na ugonjwa wake. Mgomba ungezikwa Alhamisi. Mama mdogo akikataa, anathibitisha kilichoandikwa. Mama mdogo akamjibu, "Nitakuja."

Akanigeukia, akataka nimsomee ripoti yote. Nikaisoma pale kibarazani, kwa sauti. Nilipofika kwenye laini nilitaka kuuruka ukurasa, akasema niendelee. Nilipomaliza alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akaingia ndani kupika.

Tulikwenda Kagera kwa basi la asubuhi. Kuzika nilikuona kwa macho yangu na sitakueleza zaidi, nimeshaandika ya kutosha kuhusu siku zake za huzuni. Nitasema tu kwamba alifanya kila alichoambiwa, alimwaga udongo alipoitwa kuumwaga, na mashemeji zake wakampongeza kwamba amepona. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Watu wa kule waliniita daktari.

Tuliporudi, basi lilitushusha stendi ya Nyegezi mchana. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwomba msamaha, na kila nilichopanga kilitoka na maneno ya darasani. Aliposhika begi lake nikamzuia. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, abiria wanatupita, nikamwambia nimekosa, niliahidi nikavunja, na kwamba nilichofanya ni kutaka kuelewa kwa nini hawezi kukubali kuwa baba mdogo amekufa.

Akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira, na ningependa ungekuwa nayo.

"Umekaa kwangu mwaka wa pili sasa," alisema. "Ungeniuliza kama mume wangu amekufa, ningekwambia amekufa. Nilijua siku ileile, mwanangu. Nilikuwa naomba muda tu."

Kisha akaniambia ninyanyuke, nguo zinachafuka.