Mume Wangu, Niachie Huyo

Najua utasema naongopa. Sema tu, nimeshazoea. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, sijanywa wala sijavuta kitu.

Jumapili hiyo mimi na mke wangu, Somoe, tulitoka Chuno kwenda kupumzika kwenye ziwa dogo upande wa Ruvuma. Tukakodi mtumbwi, mimi napiga kasia, yeye kashika ndoano. Akawa ananicheka kwamba napiga kasia kama nasonga ugali. Alikuwa mcheshi yule, we acha tu.

Mara akatokea bibi mmoja, peke yake kwenye mtumbwi wake, kajifunga kaniki. Simjui. Akaniita: "Mume wangu, huyo uliyempakia ni nani? Niachie."

Sasa bibi akikuita mume, utamjibuje? Si ndivyo bibi zetu wote wanavyotutania? Nikamwambia, "Mchukue, bibi, nimemchoka, anakula mno." Somoe akacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Bibi hakucheka. Akasogea, na hapo ndipo nikaona kasia lake ni kavu. Mke wangu akaweka ndoano chini, akavuka kwa bibi kama mtu anayepanda bajaji. Akakaa, akanipa mgongo. Nikapiga kasia, niamini, nikapiga mpaka viganja vikachubuka. Mtumbwi haukusogea hata kidogo. Nililia.

"Bibi, nilikuwa natania."

"Mimi sikutania, mume wangu."

Wakaingia kwenye matete, wakapotea.

Mtumbwi ulipokubali kwenda, nikarudi nchi kavu kutafuta watu. Somoe huyu hapa, amekaa karibu na mfuko wetu wa chakula, mzima, hana hata tone la maji. Nikamkumbatia. Akanitoa mikono taratibu, akaniuliza, "Kaka, tunafahamiana?"

Mpaka leo tunaishi nyumba moja. Anapika, ananitengea, ananiambia karibu kaka. Tumehangaika kwa masheikh, tumehangaika kwa waganga, hadi nyumbani kwao Nanyamba, wapi. Kicheko chake sijakisikia tena, na naumia, sikufichi. Juzi jirani alimuuliza mumewe yuko wapi, nami nipo ndani nasikia. Akajibu kwamba mumewe alimgawa.

Basi nawe ukienda ziwani, usiyemjua akikutania, mpe shikamoo yake upite. Akikuomba uliyempakia, hata kama anacheka, mwambie huyu ni wangu, simtoi. Maneno mepesi tu hayo, na mimi sikuyasema.