Nilishona Mifuko ya Juzuu, Salumu Akaitwa Msaliti

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu msimamizi wa ukurasa huu. Jina langu nihifadhie, na la mwenzangu nimelibadili, nitamwita Salumu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, mkazi wa Mtwara, mwalimu wa chuo cha Kurani tangu ujana wangu. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, nami namtajia neno kwa neno.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilisomesha asubuhi, na baada ya adhuhuri nikishona baraza moja na Salumu. Mimi nilikuwa mshonaji tu. Yeye alikuwa mbunifu: alimtazama mtu anavyotembea, kisha akachora kwa chaki sakafuni vazi ambalo mji huu haujapata kuliona. Siku hizo palikuwa na bendi mbili zisizopikika chungu kimoja, ya mjini na ya bandarini, na kila Idd Pili zilipambana uwanja mmoja. Mshindi alianza kutajwa kwa sare kabla gitaa halijalia. Kwa hiyo sare ilikuwa siri kubwa, na desturi ilimtaka fundi arudishe hata vipande vilivyobaki, visije vikaonekana mtaani.

Mwaka huo bendi ya mjini ilimpa kazi Salumu. Akabuni shati nusu zambarau, nusu njano, mshono wa katikati ukipinda kama wimbi. Tulishona pamoja. Vipande vilipobaki niliona ni israfu kuvirudisha vikaliwe na panya, ilhali wanafunzi wangu walibeba juzuu zao mikononi zikilowa jasho. Nikawashonea mifuko, kila mmoja upande zambarau, upande njano, kwa mshono ule ule wa wimbi. Salumu sikumwambia. Wallahi nilidhani nachuma thawabu.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa binti wa mpiga tarumbeta wa bendi ya bandarini.

Idd Pili ilipofika, watu wa bandarini wakaingia kwanza, wote wamevaa shati la Salumu. Mpiga tarumbeta akapaza sauti: "We Salumu! Sisi tumeshavaa. Wenzako watavaa nini, magunia ya korosho?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kiongozi wa bendi ya mjini akamkwida Salumu ukosi. "Umetuuza!"

"Sijauza mtu mimi! Muulizeni Maalimu, tulikuwa wawili tu barazani."

Nikasema, "Salumu si mtu wa hivyo." Nami niliamini ninalosema. Lakini jioni ile mpiga tarumbeta akanipitia nyumbani, akanishika mkono huku akicheka. "Maalimu, ule mfuko wa binti yangu ndio tulioigia sare, umetufaa sana. Mungu akuzidishie."

Siri hiyo sikumfichulia mtu. Niliogopa wazazi wangewatoa watoto chuoni. Salumu hakuletewa tena hata kaptula ya kupunguza. Akauza cherehani yake, akahamia kijijini Mpapura kulima korosho, na tangu hapo hakuchora tena vazi la mtu.

Sasa ni mgonjwa, hainuki kitandani. Nimekwenda kwake mara tatu ili nimwombe radhi, na mara tatu nimerudi na maneno yangu kifuani. Mara ya kwanza aliwaambia wajukuu zake, "Mwamkieni babu yenu. Mji mzima ulinikana, huyu peke yake aliniamini." Mara ya pili nikaanza, "Salumu, ile mifuko ya juzuu..." Akanikatiza: "Achana na mambo ya wale wahuni, Maalimu. Nisomee Yasini." Mara ya tatu mkewe alinizuia mlangoni. "Shemeji, ukimtajia bendi hapati usingizi. Mwache."

Mwanangu naye ananilaumu: "Baba, wewe utapumua, yeye je? Unataka afe akijua hakuwa na rafiki hata mmoja?"

Nimesoma na kusomesha miaka hamsini kwamba haki ya mja haifutwi mpaka mwenyewe asamehe. Nikiwaeleza watu hili, wananitazama kana kwamba nasumbuliwa na uzee. Na juzi Salumu ameleta usia: akifariki, mimi ndiye nisalishe jeneza lake. Nitasimamaje mbele ya mwili wa mtu niliyemdhulumu, ambaye hakupata hata nafasi ya kunisamehe au kunikatalia?

Enyi mnaosoma, wenye elimu na wenye huruma, nielekezeni. Nimvunje moyo ili anisamehe, au nimwache na furaha yake, mimi niende na dhambi yangu? Nijibuni mapema, hali yake si nzuri.