Tulivyouachia Mto Maji Yake

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha umeme, Mkuu wa Kituo alinipeleka moja kwa moja kwenye mnara wa kupozea, ambamo maji yaliporomoka kwa kishindo. Mimi ni mtu wa Lupepo, Rungwe, kwenye mvua nyingi. Nilikotoka maji hayakuwa jambo la kuzungumzwa. Kule nyanda kavu nilikopangiwa, nilikuta hakuna jambo jingine.

"Mvuke ukishazungusha mashine, lazima upozwe urudi kuwa maji," aliniambia. "Tukikosa maji ya kuupoza, mji unakaa gizani."

Maji hayo tuliyavuta mtoni. Mke wangu, Subilaga, ndiye aliyenionyesha hali ya mto chini ya pampu yetu. Kiangazi kilipokolea, alikwenda na wanawake wenzake kufukua mchanga ili kila mmoja apate angalau ndoo. Jioni moja aliitua ndoo yake mbele yangu, imejaa tope.

"Baba Anyitike, haya ndiyo mnayotuachia?"

Nililipeleka swali lake kwa Mkuu wa Kituo. Akasema wanakijiji nao walishamfuata.

Ndipo tukageukia majitaka ya mji, yaliyokwisha kusafishwa mabwawani, nami nikapewa kuyasimamia. Tuliyatia chokaa ili uchafu utuame, tukayachuja, kisha tukatia klorini kuua vijidudu. Hata hivyo miezi ya mwanzo ilikuwa ya tabu. Ndani ya kondensa, chombo ambamo mvuke hupozwa, uliota utando wa utelezi, na ukoko mweupe kama wa ndani ya birika ukaziba mirija. Wenzangu hawakutaka hata kula karibu nami. Subilaga alifua ovaroli zangu bila kukunja uso.

Siku joto la kondensa lilipopanda kupita kiasi, Meneja wa Uendeshaji alikuja juu.

"Rudisheni maji ya mto! Umeme ukikatika, nitawaambia nini watu wa hospitali?"

Hofu yake ilikuwa ya haki. Mkuu wa Kituo akakitazama kipimo cha joto.

"Tuzime mashine hii. Ile ya pili itabeba hospitali." Akanigeukia. "Mirija hiyo itasafishika?"

"Itasafishika, mzee."

Tulifungua kondensa, tukasugua mrija mmoja baada ya mwingine, Meneja mwenyewe akiwa amekunja mikono ya shati. Tukaongeza chokaa, ambayo hutuamisha pia madini yaletayo ukoko, na maji yaliyozunguka mno tukawa tunayamwaga mapema. Tulipoiwasha mashine, joto lilipanda kidogo, likatulia.

Kiangazi kilichofuata pampu ya mtoni iling'olewa. Siku hiyo Subilaga alichelewa kurudi. Nilipomfuata, nilimkuta ameketi ukingoni na wenzake, miguu majini, wanacheka kwa sauti. Nikasimama mbali, nisiwakatize.

Mimi na Subilaga tulipanga kurudi Rungwe pamoja nikistaafu. Nimerudi peke yangu; yeye hakuifikia siku hiyo. Naishi Makandana, nina migomba, na majirani husema nimepumzika. Mimi asubuhi bado naamka nikitaka kwenda kupima maji.

Juzi binti aliyeshika nafasi yangu alinipigia simu kuuliza habari za chokaa. Tulipomaliza nilimwomba aende chini ya mnara, anyooshe simu.

"Unasikia, mzee?"

Maji yalikuwa yanaporomoka vilevile. Huku kwetu mvua ilikuwa inapiga bati, nikafunga dirisha ili niyasikie vizuri.