Punje za Mahindi na Cherehani ya Mke Wangu

Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini akili haikuishia hapo. Wanaoniona leo wanadhani nilibebwa. Nani anibebe mimi, na uzito huu? Biashara ya kuosha magari niliibuni mwenyewe, enzi zile soko huria limefunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yanamiminika Mwanza, na kila aliyejaliwa anataka pikapu.

Nilitaka kufungua Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Nilikosa pampu ya maji tu, na kitu pekee cha kuuza nyumbani kilikuwa cherehani ya mke wangu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mke wangu akasema, "Baba watoto, nionyeshe kwanza hao wateja. Wakitosha, ichukue."

Haki yake. Nikajaza punje za mahindi mfuko wa kulia, nikakaa juu ya jiwe pale Igoma kutwa nzima. Kila gari chafu likipita, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Hakuna msomi aliyenifundisha hesabu hiyo! Jioni mfuko wa kushoto ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Nikammwagia mezani.

Mke wangu ni binti wa wafugaji. Akazitazama zile punje, akauliza, "Daladala za Igoma na mjini nazo umezihesabu?"

"Zote! Chafu kupindukia."

"Zikienda?"

"Zikienda na zikirudi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu ng'ombe wakienda kunywa maji tunawahesabu, wakirudi tunawahesabu. Lakini hatujawahi kumwambia baba kwamba wameongezeka!" Akaanza kukusanya mahindi yake. "Tena hao madereva si huwa wanaoshea ziwani bure?"

Nikainama kumwokotea punje zilizoanguka sakafuni. Walionizoea wanajua hilo si jambo dogo.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kumsalimia mjomba wangu Busisi, ng'ambo ya ziwa. Pale Kigongo foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, madereva wamekaa hawana la kufanya. Mzee mmoja mwenye suti alikuwa anasugua pikapu yake kwa majani. Matope mpaka kwenye kioo.

"Shikamoo mzee. Unafanyaje?"

"Marahaba. Nakwenda ukweni, kijana. Nikifika hivi, shemeji zangu watasema nimeazima gari la kusombea samadi."

Sikungoja aendelee. Nikaazima ndoo kwa mama muuza samaki, nikavua shati nikalifanya kitambaa, nikateka maji ya ziwa. Pikapu ikang'aa. Huko nyuma mwingine akapiga honi: "Wewe! Hata mimi nina wakwe!" Kivuko kilipotia nanga nilikuwa naosha gari la nne, na mjomba wangu alinisubiri mpaka akachoka.

Pale gari lilikuwa halipiti, lilikuwa linangoja. Na maji hayahitaji pampu, yako miguuni.

Nilirudi nyumbani kifua wazi, shati limebaki matambara. Nikamkuta mke wangu anaipaka cherehani mafuta, taratibu, kama anayeiaga.

"Haiuzwi," nikamwambia.

"Shati lako liko wapi?"

Nikamweleza yote. Hakunisifu, hajui kusifu huyu mwanamke. Alifungua sanduku, akatoa khanga zake zilizochakaa, akazikata vipande na kuanza kuvipinda kingo. Vitambaa kumi na viwili vya kufutia magari.

"Ndoo," akasema bila kuinua uso, "utanunua mwenyewe."