Matabish ya Fraizi

Mama yangu alizaliwa Lubero kwenye baridi, akaolewa Beni kwenye joto, na hajawahi kulisamehe joto hilo. Alipobeba mimba ya kitinda mimba wetu, tumbo lake lilikataa kila kitu: ugali, ndizi, hata uji mwepesi. Baba akaniletea habari Butembo, nilikokuwa nasoma na kuishi kwa tantine, dada yake. Mama yako anakonda, alisema, na kutwa kucha anataja fraizi tu.

Fraizi ni yale matunda madogo mekundu ambayo wengine huyaita stroberi. Beni hayaoti. Butembo yaliletwa na akina mama wa Lubero, msimu wake ukifika, katika vikapu vilivyotandikwa majani, na mnunuzi mwenye haya alirudi nyumbani mikono mitupu. Tantine hakuwa na haya. Aliuliza bei ya vitunguu, akazikagua karoti ambazo hakuzihitaji, kisha akazigeukia fraizi kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Mimi nilikuwa nimeshainamia kikapu kuvuta harufu yake.

Bei walikubaliana upesi. Vita vilikuwa juu ya matabish, ile nyongeza ambayo kwetu, usipoipata, hujanunua, umeibiwa.

"Mama, ongeza kidogo. Hii matabish ni ya ndege?"

"Ndege ya kwetu inashibaka na hiyo," muuzaji alijibu, lakini akaongeza.

Tantine aliifunga matabish peke yake kwenye jani. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu: mzigo ni wa mwenyewe, matabish ni ya mbebaji.

"Ile ya mama yako hapana gusa," alinionya. "Mwenye anakula hamu ya mwenye mimba, anaota chokea ku jicho."

Nikapanda lori huku nimepanga kula zangu polepole, moja kwa kila kilima.

Kabla sijala hata ya kwanza, tulifika kwenye kizuizi. Wakati ule wa vita barabara ya Beni ilikuwa navyo vya kutosha. Askari mmoja akakifunua kikapu changu na kuchukua fraizi kubwa kuliko zote. Niliogopa kweli, maana mmoja akionja, wenzake wote wangekuja kuonja.

"Chef, ni ya mama yangu," nilisema. "Iko na mimba, hakuna kitu ingine inakaa mu tumbo. Na tantine anasema mwenye anaikula, anaota chokea."

Abiria wakacheka chini chini. Askari akalitazama lile tunda, akalirudisha taratibu mahali pake. Kisha akainama.

"Muke yangu naye iko na mimba," alisema kwa sauti ndogo. "Naye anakataa chakula."

Ningeweza kunyamaza. Nikampa matabish yangu, jani halijafunguliwa. Iliniuma, sitadanganya. Akaiweka ndani ya kofia yake, akafungua njia.

Beni nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, mifupa ya mabega imemtoka. Fraizi zilikuwa zimelainika kwa joto, zikitoa maji. Akala moja. Baba, aliyekuwa ametangulia kurudi, na mimi tulikuwa tunalitazama koo lake. Akala ya pili, akatulia, akala nyingine, na hakuna kilichorudi. Kisha akajilamba vidole na kuniuliza, kama binti halisi wa Lubero:

"Na matabish iko wapi?"

Nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilikuwa nimesahau jinsi mama anavyocheka, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Akakipekua kikapu, akachagua ile kubwa aliyoirudisha askari, akanitia mdomoni kabla sijakumbuka jicho langu.

Asubuhi niliamka nikajipapasa kope zote mbili. Zilikuwa salama, na kule jikoni mama alikuwa akiuliza kama ugali wa jana umebaki.